Sahihi

Lari tano kwa ukurasa. Bei nimeibandika mlangoni,
ghorofa ya kwanza, juu ya fundi viatu, ng'ambo ya mto Rioni,
na harufu ya gundi yake hupanda ngazi kabla ya wateja.
Mimi sitafsiri. Nakagua tu:
neno hili na hili, je, yanaweza kulala nyumba moja?

Maana Kiingereza kina ndoa zake za ajabu.
Mvua kwao ni nzito, haina nguvu;
chai ina nguvu, haina uzito.
Kosa hulitengeneza, kama meza,
ilhali kazi ya shule huifanya tu, ikaisha.
Mtu huangukia usingizini, akaangukia mapenzini,
akaanguka mgonjwa, na hakuna anayechubuka goti.
Ukiniuliza sababu, nitakupa niliyopewa chuoni
na mwalimu Eteri, chaki nyuma ya sikio:
"Ndivyo wasemavyo."
Miaka thelathini na moja nalila jibu hilo.

Wenye mikahawa huniletea menyu.
Juzi nimemnusuru bata
aliyeandikwa kana kwamba ndiye anayemkaanga mpishi.

Jumanne akaja Ushangi, mfuga nyuki wa Tskaltubo,
nta ingali kwenye kucha.
Barua mistari tisa, ameiandika mwenyewe
kwa kamusi ya shule ya mwanawe,
iende hospitali ya Lincoln, kule kwenye mashamba ya stroberi.

Nikashika kalamu nyekundu. Kwanza kile kineno,
kidudu cha herufi tatu kinachotangulia majina yao
kama kijibwa mbele ya bwana wake;
lugha yetu haikifugi, sote hukisahau.
Nikakichomeka mara saba.
Huzuni yake "kubwa" nikaifanya ya kina,
kwa kuwa kwao huzuni hupimwa kwa kamba, kama kisima.
Na mstari wa nne, uliokuwa umevunjika vunjika,
nikauvika maneno yaliyozoeana, safi, yasiyo na doa,
ambayo kila mfiwa wa huko huyasema:
nimempoteza mwanangu.

Akauliza nimeandika nini. Nikamweleza.
"Sikumpoteza," akasema. "Najua alipo.
Yumo kwenye friji, droo ya kumi na nne. Wamenipa namba."

Nikafuta.
Kanuni haikulalamika.

Mstari wa tisa ndio ulionishinda.
Mwili wa Malkhaz, alikuwa ameandika,
naomba arudishwe nyumbani.
Mwili, arudishwe.
Mtoto wa darasa la pili angecheka.
Mwili ni kitu, una neno lake dogo,
lile lile la mwavuli, la saa, la gunia la stroberi:
urudishwe. Tofauti haijazi hata pumzi moja.
Ncha ya kalamu ilikwisha kuigusa karatasi,
nukta nyekundu ikaanza kunenepa.

Nikainua macho. Alikuwa akipanga sarafu mezani,
kubwa chini, ndogo juu,
kwa uangalifu wa mtu aliyezoea vitu vinavyouma.

Sikuandika kitu.
Huko Lincoln karani atasoma, pengine atatabasamu kidogo,
atasema, masikini, Kiingereza chake.
Na aseme.
Eteri angenikata alama, na angekuwa na haki.

"Iko sahihi?" akaniuliza.
"Sahihi," nikajibu,
naye akadhani naidai yake.
Akaichukua kalamu mkononi mwangu, ile nyekundu,
akainama, akaandika jina lake lote, na la baba yake,
mstari ukipanda juu kama njia ya kwenda mizingani,
kisha akanisukumia ule mnara wa sarafu.

Nilizihesabu alipokwisha kushuka.
Zilikuwa lari tano kamili.